Kiyoyozi ndani ya boti: hesabu ya petroli na hesabu ya pumzi

Jua la saa saba mchana likipiga paa la boti iliyotia nanga karibu na Jiwe la Bismarck, kila mita moja ya mraba ya paa hilo hupokea nguvu inayokaribia wati 1,000. Paa la mita sita za mraba hubeba wati 6,000 za joto. Kiyoyozi kidogo kinachopatikana kwa urahisi madukani, kile cha BTU 9,000, huondoa ndani ya chumba joto la wati 2,600 hivi. Si joto lote la paa linalopenya hadi ndani, lakini mwenye boti ya paa jembamba lisilo na dari anapambana na jua kwa mtaji mdogo.

Mwanza ni mji wa maji, kando ya Ziwa Victoria, na boti zake ni za kila kazi. Zipo zinazovusha watalii kwenda Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013 na ndogo kuliko zote nchini. Zipo za kukodi kwa sherehe, za doria, za kubeba wagonjwa kutoka visiwani, na za wanunuzi wa sangara wanaokaa kambini siku kadhaa wakikusanya mzigo. Mwenye boti yenye kabini ya vioo hujiuliza mapema au baadaye: je, ile jenereta ndogo ya petroli, ya kubebwa kwa mkono mmoja, inaweza kuendesha kiyoyozi humu ndani?

Jibu la fundi ni kwamba inaweza, ukipiga hesabu vizuri. Lakini makala haya yana jambo moja zito zaidi la kusema: jenereta inayofanya kazi haifai kuwa jirani wa mtu aliyelala madirisha yamefungwa. Ipo njia ya kupata ubaridi bila kuhatarisha pumzi, na ni nafuu kuliko wengi wanavyodhani. Kuifikia, tuanze na kitu ambacho watu wa ziwa hili wanakijua kuliko viyoyozi.

Ziwa linaloijua barafu

Biashara ya sangara imesimama juu ya barafu. Viwanda vya kuchakata minofu vilipoenea Mwanza miaka ya 1990, barafu ilianza kusafiri kwenda visiwani ndani ya boti zenye masanduku mazito, na kurudi imefunika samaki. Mwishoni mwa muongo huo Umoja wa Ulaya uliwafungia milango samaki wa ziwa hili zaidi ya mara moja, kwa hofu ya vijidudu, ya kipindupindu, na mwaka 1999 kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Tangu hapo kila anayeshika sangara wa kiwandani anajua kwamba ubaridi una bei, na kwamba ukipotea njiani mali yote hupotea nao.

Kipimo cha viyoyozi kilitokana na barafu hiyohiyo. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huitwa na mafundi wa majokofu kiyoyozi cha tani moja, kwa sababu kikifanya kazi saa 24 huondoa joto sawa na lile linaloyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu, yaani kilo 907. Gawanya kwa saa 24, utapata takriban kilo 38 za barafu kwa kila saa.

Sasa linganisha. Kushusha joto la kilo 100 za sangara kutoka nyuzi 27 hadi sifuri huhitaji, kwa hesabu ya karatasini, kilo 30 hivi za barafu. Kazini huwekwa nyingi zaidi, mara nyingi kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, kwa sababu sanduku nalo hunywa ubaridi na safari ni ndefu. Hata hivyo picha iko wazi: saa moja ya kiyoyozi cha tani moja ni ubaridi wa kutosha kupoza samaki zaidi ya kilo 100. Anayewasha kiyoyozi ndani ya boti ajue anatumia bidhaa ya thamani, na asiimwage kwa kupitia paa lisilo na dari na milango isiyofunga.

Ndiyo maana fundi makini huanza na boti kabla ya kugusa jenereta. Paa lipakwe rangi nyeupe. Chini yake liwekwe dari yenye sponji ngumu au povu, kama lile lililomo ndani ya kuta za sanduku la samaki. Vioo vya upande wa jua vipewe mapazia ya nje, maana pazia la ndani huzuia mwanga wakati joto limekwisha kuingia. Turubai lililotandazwa juu ya paa, likaachiwa nafasi ya upepo kupita katikati, hufanya kazi kubwa bila kula tone la petroli. Boti iliyotayarishwa hivyo huridhika na kiyoyozi kidogo, na kiyoyozi kidogo huridhika na jenereta ndogo.

Msukumo wa kwanza

Kosa linalounguza fedha za wengi ni kusoma namba moja tu. Kiyoyozi cha BTU 9,000 kikisha kuzoea kazi hula wati 800 hadi 900 hivi. Mnunuzi anaona jenereta iliyoandikwa wati 1,000 ubavuni, anafurahi, anailipia. Anapobonyeza rimoti, feni inazunguka vizuri, kisha kompresa inapojaribu kuanza, jenereta inakoroma, taa zinafifia na kila kitu kinazimika.

Kilichotokea ni kwamba kompresa ya kawaida, ile yenye mwendo mmoja, huomba umeme mwingi sana katika kuanza. Ni kama kusukuma daladala iliyozimika: nguvu kubwa hutakiwa kuing'oa ilipo, na ikisha kutembea hata watu wawili wanaimudu. Katika ule muda mfupi kompresa inaweza kuhitaji mara tatu hadi sita ya mkondo wake wa kawaida. Jenereta isiyokuwa na akiba hiyo hushindwa, na ikilazimishwa kila siku, injini yake na kompresa vyote huumia.

Namba za kwenye boksi nazo zinahitaji jicho kali. Mara nyingi namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ya kilele, ambayo mashine huimudu kwa muda mfupi tu. Namba ya kazi ya kudumu huwa ndogo, na imeandikwa kwa herufi ndogo. Jenereta maarufu ya Honda aina ya EU22i, kwa mfano, ina kilele cha wati 2,200, lakini kazi yake ya kudumu ni wati 1,800. Uzito wake ni kilo 21 hivi, na ikibeba mzigo kamili hula zaidi kidogo ya lita moja ya petroli kwa saa. Zile jenereta ndogo za mipigo miwili, ambazo petroli yake huchanganywa na oili na ambazo huwasha taa na redio za maduka mengi ya visiwani, hazina nguvu hata ya kuota kompresa. Ziachwe na taa.

Dawa ya msukumo wa kwanza ni kuchagua kiyoyozi cha inveta. Kompresa yake huanza taratibu, kwa umeme mdogo, kisha huongeza mwendo kadiri joto linavyohitaji. Kiyoyozi cha BTU 9,000 cha aina hiyo, pampu ndogo na taa mbili tatu, vyote kwa pamoja hubaki chini ya wati 1,200. Kwa kiyoyozi cha zamani ambacho mwenye boti hataki kukitupa, kipo kifaa kinachofungwa kwenye kompresa ili kupunguza mshtuko wa kuanza. Ni kazi ya fundi wa viyoyozi anayeelewa anachokifanya, si ya kubahatisha.

Mwanza iko juu

Jambo ambalo vitabu vya maelekezo hulitaja kwa mstari mmoja, na ambalo hapa kwetu lina uzito, ni mwinuko. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga, na injini ya petroli huishi kwa hewa. Kanuni ya mafundi ni kwamba injini isiyo na turbo hupoteza asilimia tatu na nusu hivi ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa mwinuko wa Mwanza hasara hiyo ni karibu asilimia 13. Jenereta ya wati 1,800 ya pwani, ikifika Kirumba, hapa Mwanza, ni ya wati 1,570 hivi, hata kabla hujahesabu joto la mchana.

Kupungua nguvu ni nusu tu ya habari. Karabureta iliyopimwa kwa hewa nzito ya pwani, ikiletwa huku juu, humwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Petroli hiyo haiungui yote vizuri. Plagi hujaa masizi, matumizi hupanda, na moshi unaotoka hubeba kiasi kikubwa zaidi cha gesi ya kaboni monoksaidi. Kwa hiyo mwinuko uleule unaoidhoofisha mashine huutia sumu zaidi moshi wake.

Maji, magugu na wadudu

Viyoyozi vya baharini vilivyotengenezwa maalumu kwa boti havitupi joto hewani kama vile vya nyumbani. Hunyonya maji ya chini ya boti, hupitisha joto humo, kisha huyarudisha. Kwa ziwa letu, ambalo maji ya juu huwa nyuzi 24 hadi 27 hivi, njia hiyo ni nzuri kweli: maji hupoza kuliko hewa ya juu ya paa lililopigwa na jua, na kwa kuwa hayana chumvi, mabomba hayaliwi haraka kama ya boti za Unguja au Mombasa.

Adui ni magugu maji. Tangu yaingie ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 yamekuwa yakifunga mialo na gati, yakipungua na kurudi. Mizizi na majani yaliyokatika hunyonywa na pampu, chujio huziba, kompresa hupata joto na kuzimika. Boti yenye mfumo huo lazima iwe na chujio linalofunguka kwa mkono, na nahodha wa kulikagua kila safari. Na wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopaa kwa mawingu meusi na kufunika kila kilicho na mwanga, hufanya kazi hiyohiyo kwenye viyoyozi vya hewa: hujaza mapezi ya mtambo wa nje mpaka upepo usipite. Brashi laini na maji kidogo hutosha kuusafisha, ilimradi pawe na mtu anayekumbuka.

Moshi usioonekana

Sasa tufike kwenye kiini. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, moyo unaendelea kupiga, lakini ubongo haupati hewa. Watanzania tunaijua kazi yake kupitia jiko la mkaa lililoachwa linawaka ndani ya chumba kilichofungwa usiku wa baridi. Injini ndogo ya petroli huizalisha gesi hiyo kwa wingi zaidi, tena bila kikomo maadamu tangi lina mafuta.

Ziwani hatari hii ina kinyago. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Nani katika visiwa vya Ukerewe au Kome asingesema hiyo ni malaria? Abiria mgeni atadhani ni mawimbi. Aliyekunywa bia atadhani ni pombe. Anajilaza apumzike, palepale penye gesi, na usingizi unamchukua. Zipo ishara mbili za kuitofautisha: watu kadhaa huumwa kwa wakati mmoja, na anayetoka nje kwenye upepo hupata nafuu.

Somo kubwa la jambo hili limetoka katika ziwa jingine. Ziwa Powell, lililoko mpakani mwa majimbo ya Utah na Arizona nchini Marekani, lina boti kubwa za kuishi zenye jenereta za kuendesha viyoyozi na vifaa vya ndani. Agosti 2000 wavulana wawili wa familia moja walifariki wakiogelea nyuma ya boti, mahali moshi wa jenereta ulipokuwa ukitokea chini ya jukwaa la kuogelea. Wachunguzi wa NIOSH, taasisi ya taifa hilo ya usalama na afya kazini, walipima na kukuta gesi kwa viwango vya kuua katika nafasi ile, ingawa ilikuwa nje, juu ya maji, chini ya anga wazi. Walipendekeza bomba la wima linaloutoa moshi juu ya paa, na vipimo vilionyesha gesi ikipungua sana mahali watu wanapokaa. Meli zetu kubwa zimefanya hivyo siku zote: MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961 na kurudi majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa, ina jenereta zake katika chumba cha mashine na moshi hutoka juu kwa dohani.

Jenereta ya kubebwa haina dohani. Moshi wake hutoka ubavuni, karibu kabisa na sitaha. Kuichomelea bomba la kienyeji si suluhisho: viungo huvuja, bomba huwaka moto kando ya mbao, na injini hukabwa. Mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani hushauri jenereta ya namna hii iwekwe umbali usiopungua mita sita kutoka nyumbani. Chukua boti ya mita 10 uipime. Kabini imekaa katikati, injini ya boti iko tezi (nyuma), nanga iko omo (mbele). Hizo mita sita utazitoa wapi?

Wapo wanaotegemea upepo, na upepo wa ziwa hili una tabia yake. Mchana huvuma kutoka majini kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda majini. Boti iliyofungwa nanga moja huelekeza omo kwenye upepo, kwa hiyo jenereta iliyowekwa tezi alasiri huonekana iko mahali salama. Jioni, kati ya pepo hizo mbili, huja kipindi cha shwari. Moshi hauendi popote. Unajaa kuzunguka boti na kuingia kwa kila mwanya. Upepo unaporudi, boti hugeuka na kila kitu hubadilika, na waliolala hawajui. Boti zikifungwa ubavu kwa ubavu kwenye mwalo, moshi wa jirani ndio unaoingia kwako. Na boti ikitembea, hewa iliyo nyuma yake huvutwa kurudi ndani, ikibeba moshi wa tezi kupitia mlango wa nyuma.

Akipatikana mtu amelegea ndani ya kabini, jambo la kwanza ni kumtoa nje hadi kwenye hewa safi na kuzima injini, anayeingia kumtoa akihakikisha milango na madirisha yamefunguliwa ili naye asianguke. La pili ni kumwahisha kwenye kituo cha afya chenye oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya gesi hiyo huchukua saa nne hadi sita kutoka mwilini. Kwa oksijeni safi muda huo hushuka hadi saa moja na nusu au chini yake. Tofauti hiyo ndiyo uhai. Walio karibu na jiji wanayo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando. Walio visiwani wasisubiri kupambazuke.

Petroli, umeme na uzito

Kuna hatari nyingine tatu, na ingawa zinajulikana zaidi, bado zinaua. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Petroli ikimwagika, mvuke huo huteremka hadi ngama, chini kabisa ndani ya boti, na kusubiri cheche. Jenereta ijazwe ikiwa imezimwa na imepoa, ikiwezekana ikiwa nchi kavu, na dumu lisikae kabini.

Umeme wa volti 230 juu ya sitaha iliyolowa ni jambo la kuheshimu. Waya za nyumbani zilizounganishwa kwa utepe wa gundi hazina nafasi majini. Iwepo swichi inayokata umeme papo hapo unapovujia mwilini, na soketi ziwe za kuzuia maji. Boti inayotumia pia umeme wa TANESCO ikiwa gatini iwe na swichi ya kubadilisha, ili vyanzo viwili visikutane kamwe.

Uzito nao ni hesabu. Mtambo wa nje wa kiyoyozi una kilo 25 au zaidi, na fundi wa nchi kavu hupenda kuuweka juu ya paa. Kwa nyumba ni sawa. Kwa boti nyembamba, kila kilo iliyopanda juu inaipunguzia boti uwezo wa kurudi wima wimbi linapoilaza, na sola na watu wanaopenda kukaa juu huongezea hapo. Ziwa lililoichukua MV Bukoba Mei 21, 1996, na MV Nyerere karibu na Ukara Septemba 20, 2018, halihitaji kutukumbusha mara ya tatu maana ya uzito usiokaa mahali pake. Vitu vizito vikae chini na katikati, na wakaguzi wa TASAC, mamlaka inayosimamia usalama wa vyombo vya majini, waonyeshwe kila kilichoongezwa.

Funzo la karabai

Wavuvi wa dagaa wamekwisha kutuonyesha njia. Kwa miaka mingi usiku usio na mwezi ziwa lilimetameta kwa karabai, kila moja ikinywa mafuta ya taa, ikivunja vioo, ikiunguza mikono. Kisha zikaja taa za LED zinazokaa kwenye betri na kuchajiwa kwa jua. Wengi hawakutafuta pampu kubwa zaidi ya karabai. Walibadilisha aina ya kazi, wakapata mwanga kwa nguvu ndogo.

Kiyoyozi cha boti kifuate njia hiyohiyo. Usiku wa Mwanza si wa Dar es Salaam: joto hushuka hadi kati ya nyuzi 17 na 20 katika miezi mingi. Kabini yenye dari nzuri, madirisha ya wavu wa mbu na feni ndogo ya betri mara nyingi haihitaji kiyoyozi kabisa. Pale kinapohitajika, labda kwa mgonjwa, kwa vifaa vya tiba au kwa mgeni aliyelipia, kiyoyozi cha inveta kwenye kabini ndogo usiku hakiendi kasi muda wote. Tuseme kinakula wastani wa wati 400 kwa saa sita. Hizo ni karibu uniti mbili na nusu tu za umeme.

Betri ya lithiamu ya volti 48 na ampia 100 ina uniti tano hivi. Inatosha usiku mzima, na akiba inabaki. Kuijaza kuna njia tatu. Ya kwanza ni soketi ya gatini. Ya pili ni paneli tatu za sola za wati 400, ambazo zinahitaji mita sita za mraba, yaani lile paa letu la mwanzo. Kwa saa tano za jua zuri hutoa uniti zipatazo tano baada ya kutoa hasara za njiani, na papo hapo huwa kivuli cha paa. Ya tatu ni ile jenereta ndogo. Ikichaji kwa wati 1,200, hurudisha matumizi ya usiku mzima kwa saa mbili na ushee, mchana, ikiwa juu ya mawe ya ufukweni au gatini, kabini ikiwa tupu na milango wazi. Badala ya kuunguruma usiku kucha na kunywa lita tano sita, hula lita mbili au tatu na kuzimwa kabla jua halijazama.

Mpangilio huo huondoa pia tatizo la msukumo wa kwanza. Betri na inveta yake hubeba mshtuko wa kompresa, na jenereta hufanya kazi tulivu ya kuchaji. Gharama ya kuanzia ni kubwa, hilo halifichiki, na bei ya lithiamu bado ni mzigo kwa mtu wa boti moja. Lakini anayehesabu petroli ya mwaka mzima, inayouzwa kwa bei ya juu kadiri kisiwa kinavyokuwa mbali, ataona fedha zinarudi. Na uhai hauna bei ya kurudishiwa.

Mambo ya kufanya kabla ya msimu wa joto

Kwa mwenye boti: anza na kivuli na dari. Chagua kiyoyozi cha inveta cha BTU 9,000, usipande zaidi bila sababu. Ukinunua jenereta, soma namba ya kazi ya kudumu, kisha ipunguze kwa asilimia 13 kwa ajili ya mwinuko. Mwite fundi airekebishe karabureta iendane na hewa ya huku. Nunua kifaa cha kutambua kaboni monoksaidi kinachopiga kelele, kifunge ndani ya kabini mahali watu wanapolala, na kijaribu kila wiki.

Kwa nahodha: jenereta ikiunguruma, hakuna anayelala ndani, hakuna anayeogelea karibu na moshi, na hakuna anayeambiwa kichwa kinachouma ni malaria kabla hajatolewa nje akapimwa hali yake.

Kwa abiria: una haki ya kuuliza moshi unatokea wapi. Ukiingia kwenye kabini yenye ubaridi mtamu na kusikia jenereta inanguruma nyuma ya ukuta, fungua dirisha, au shuka.

Kwa TASAC, vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) na viongozi wa mialo: maboya ya kuokolea maisha hukaguliwa, idadi ya abiria huhesabiwa, na hilo ni jema. Liongezwe swali moja katika ukaguzi wa kila boti yenye kabini: chanzo cha umeme wa ndani kiko wapi, na moshi wake unatoka wapi? Swali hilo halihitaji mashine wala bajeti. Linaulizwa kwa dakika moja gatini, na boti isiyo na jibu zuri isiruhusiwe kulaza watu.